Senterej, sataranji isiyosubiri zamu

Sheria ya kwanza ya sataranji ni ile ambayo hakuna anayehangaika kumfundisha mwanafunzi: ukishacheza, ngoja mwenzako acheze. Moscow, Mumbai, Nairobi na Zanzibar kote ni hivyo, na wachezaji wengi wataapa kwamba pasipo zamu hakuna mchezo. Hata hivyo, katika nyanda za juu za Ethiopia na Eritrea, hadi miaka ya 1930, palichezwa sataranji iliyoanza bila zamu kabisa. Watu wawili waliketi, kete zikapangwa, kisha wote wawili wakaanza kuzisogeza kwa wakati mmoja, kila mtu kwa mwendo wake. Mmoja angeweza kucheza hatua kumi na mwenzake sita, wala hakuna aliyelalamika. Iliendelea hivyo mpaka kete ya kwanza ilipoliwa. Kuanzia hapo, na si kabla yake, walichezeana zamu kwa zamu hadi mwisho.

Mchezo huo uliitwa senterej, na kipindi chake cha kwanza kiliitwa werera.

Vitabu vya historia ya sataranji huupitia haraka. H. J. R. Murray, aliyechapisha mwaka 1913 kitabu cha kurasa 900 ambacho hadi leo ni msingi wa taaluma hii, aliupa kurasa chache, na waliomfuata wengi waliuona kama ghala tu: mahali ambapo sheria za Waarabu wa kale zilihifadhiwa hadi zama zetu. Kwamba ulihifadhi mambo ya kale ni kweli. Lakini mtu akiukaribia na kuucheza, ataona kwamba watu wa Ethiopia walikuwa na fikra yao kuhusu mchezo huu unapima nini ndani ya binadamu, na fikra hiyo inastahili kusomwa kwa heshima ileile tunayowapa mabingwa wa Baghdad na Valencia.

Tuanze na ubao. Ulikuwa na miraba 64, minane kwa minane, ila haukuwa na madoa meusi na meupe. Mara nyingi ulikuwa kitambaa chekundu kilichoshonewa vipande vyembamba vya kitambaa cheusi au cha buluu ili kutenga miraba. Wenye uwezo walichonga kete za pembe za ndovu, wengine walitumia pembe za kawaida au mti. Kitambaa kama hicho kilikunjwa na kusafiri na bwana wake, jambo lililofaa katika nchi ambayo wafalme na watawala wake walikaa muda mrefu kambini kuliko katika majumba.

Mfalme aliitwa negus, jina lilelile la cheo cha mfalme halisi wa nchi. Kando yake, mkono wake wa kushoto, alisimama ferz, yaani waziri. Kisha zikafuata jozi tatu: fil, ambaye ni tembo, feres, farasi, na pembeni kabisa der, ambayo ni ngome. Mbele ya wote walijipanga medeq wanane, ambao hapa nitawaita vitunda.

Farasi na ngome zilikwenda kama tunavyozijua leo. Mfalme naye alitembea mraba mmoja kila upande. Tofauti iko kwa wale wengine. Ferz hakuwa na kasi ya malkia wa leo: aliruhusiwa mraba mmoja tu, na kwa mshazari. Fil aliruka kwa mshazari hadi mraba wa pili, akivuka kete yoyote iliyokuwa katikati. Kitunda kilikwenda mbele mraba mmoja, hata hatua yake ya kwanza, na kilikula kwa mshazari. Wasafiri waliouandika mchezo huu hawakukubaliana kuhusu kitunda kinachofika mwisho wa ubao: wapo walioandika kwamba hakipati cheo chochote, na wapo waliosema kinapandishwa.

Mwenye kalamu na karatasi ajaribu kufuata njia ya fil. Atagundua kwamba katika miraba 64, tembo huyo anaweza kufika katika minane tu maisha yake yote. Wako fil wanne kwenye ubao, na kila mmoja ana minane yake ambayo wenzake watatu hawaigusi. Kwa hiyo fil hawezi kamwe kumla fil mwenzake, na hata wakiwekwa wote pamoja, nusu ya ubao haijui mguu wa tembo. Hayo yote ni urithi wa shatranj ya Waarabu na Waajemi.

Mpangilio wa wafalme, hata hivyo, una jambo lake. Katika shatranj, kama ilivyo leo, mfalme alimtazama mfalme mwenzake kwenye mstari mmoja. Matokeo yake mawaziri wawili walikuwa kwenye miraba ya mishazari tofauti, wakiishi mchezo mzima bila hata uwezekano wa kukutana. Katika senterej kila mfalme alikaa kulia kwa waziri wake, hivyo negus akamtazama ferz wa adui. Badiliko hilo linaonekana dogo. Lakini lifuate kwenye ubao: sasa mawaziri wawili wanatembea kwenye miraba ya aina moja, wanaweza kukutana, na wanaweza kulana. Kete iliyokuwa ya ulinzi tu imepata hasimu wake.

Historia ya jinsi mchezo ulivyofika huko inapitia njia ambayo msomaji wa pwani ataitambua. Sataranji ilizaliwa India, ikapokewa Uajemi, na baada ya Waarabu kuiteka Uajemi katika karne ya 7 ikawa mchezo wa Waislamu kutoka Bahari ya Hindi hadi Andalusia. Bandari za Massawa na Zeila ziliiunganisha Ethiopia na Uarabuni, na majina ya kete za senterej, ferz na fil, yanaonyesha wazi yalikotoka. Katika karne ya 16 tayari tunaukuta mchezo huu ikulu. Mfalme Lebna Dengel, aliyetawala kuanzia 1508 hadi 1540, alisifika kwa kucheza sataranji na mchoraji mmoja kutoka Venice aliyekuwa akiishi naye.

Tarehe hizo zina uzito. Karibu mwaka 1475, katika mji wa Valencia nchini Hispania, waziri aligeuzwa kuwa malkia anayefagia ubao mzima, na tembo akapewa mwendo mrefu wa mshazari. Badiliko hilo lilienea Ulaya kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1497 Luis de Lucena alichapisha kitabu chake Salamanca, akizieleza sheria za kale na mpya bega kwa bega. Mwaka 1512 Mreno Pedro Damiano, mfamasia, alichapisha chake Rome, kikifundisha sheria mpya. Miaka minane baadaye, 1520, ujumbe wa Ureno ulifika Ethiopia, na mwaka 1541 Cristóvão da Gama alishuka Massawa na askari wapatao 400. Wareno na Wavenisi hao walitoka katika nchi ambazo malkia mpya alikuwa ameshashinda. Walikaa Ethiopia miaka mingi, wengine wakaoa na kuzaa huko. Na bado ferz wa Ethiopia aliendelea na hatua yake moja ya mshazari kwa miaka mingine 400.

Kwa nini? Jibu langu liko katika werera, na ili kulieleza lazima nirudi Baghdad kidogo.

Tatizo kubwa la shatranj lilikuwa mwanzo wake. Kete nyingi zilikuwa za polepole, kwa hiyo hatua kadhaa za kwanza zilipita bila majeshi kugusana. Mabingwa wa enzi za Bani Abbasi walilitatua kwa vitabu. Walichora mipangilio maalumu waliyoiita ta'biya, ambamo vitunda, farasi na tembo wameshasogezwa hadi mahali pazuri, na wakaichambua kila mmoja kwa jina lake. As-Suli, aliyemshinda bingwa wa khalifa al-Muktafi mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika juu yake, na mwanafunzi wake al-Lajlaj akaichambua kwa kina zaidi. Mchezaji hodari aliijua mipangilio hiyo kama hafidhi ajuavyo aya, na mapambano ya kweli yalianza pale ta'biya mbili zilipokutana.

Ulaya ililitatua tatizo lilelile kwa kuzipa kete kasi. Malkia akiwapo, hakuna mwanzo wa kimya: unaweza kufungwa katika hatua nne.

Ethiopia iliziacha kete kama zilivyo ikaondoa zamu. Kama majeshi yanahitaji muda wa kujipanga, basi yapewe muda huo wote kwa pamoja, kila jemadari akiwatazama askari wa mwenzake wakijipanga. Hakuna ta'biya ya kukariri itakayokusaidia, kwa kuwa adui anaiona inapojengwa na anajenga jibu lake papo hapo. Wasafiri waliona wachezaji wakirudisha nyuma kete walizokwisha kusogeza, wakijaribu mpango mwingine baada ya kuona wa mwenzao. Mtu mwenye mazoea ya sataranji ya leo atadhani hiyo ni fujo. Acheze mara chache, ataona kuna nidhamu kali ndani yake.

Kwanza, umbali ni mfupi kuliko unavyoonekana. Kitunda changu kikisogea mara mbili, na kitunda chako cha safu ya jirani kikisogea mara mbili, vinatazamana kwa mshazari na mmoja anaweza kumla mwingine. Farasi anaruka mara mbili hadi katikati ya ubao, na mruko wake wa tatu unaweza kutua juu ya kitunda kilicho mbele ya mfalme. Kwa hiyo werera haina starehe ya kujipanga mbali na hatari. Ni kujipanga ukingoni mwa mto ambao adui anaweza kuuvuka wakati wowote.

Pili, tishio lina maana nyingine. Katika mchezo wa zamu, nikikutishia farasi wako, nakupa nafasi nzima ya kufikiri na kujibu. Katika werera, kati ya tishio na pigo pana wepesi wa mkono tu. Nikimpeleka farasi wangu mahali anapoweza kuliwa na kitunda chako, huhitaji kungoja chochote, umeshamla. Nikiacha kete bila mlinzi hata kwa muda wa kupanga nyingine mbili, nimekupa mlango. Kila hatua inapaswa kuwa salama yenyewe, kwa kuwa huna uhakika kwamba ya pili utaiwahi.

Jambo la tatu ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu linauzuia mchezo usigeuke mashindano ya kasi. Anayekula kwanza anamaliza werera kwa mkono wake mwenyewe, na papo hapo zamu inakwenda kwa mwenzake. Kama kete iliyoliwa ilikuwa na mlinzi, aliyeliwa atajibu kwa kula, mizani italingana, na aliyekimbilia pigo la kwanza atakuwa ameuanzisha mchezo wa zamu bila ya kupata faida. Hivyo mkono wa haraka peke yake hausaidii. Unachotafuta ni kile kipindi ambacho jeshi lako limekamilika na la mwenzako bado lina pengo, ngome imeachwa peke yake au waziri amesimama kwenye njia ya mfalme wake. Ukingoja mno, pengo linazibwa. Ukiwahi mno, lako linaonekana. Kipimo chake kikubwa ni kumsoma mtu aliye mbele yako, na hesabu ya hatua za mbele inakuja nyuma ya hapo.

Wachezaji wa bao la kiswahili wana njia ya mkato ya kulielewa hili. Bao nalo ni michezo miwili ndani ya mmoja: kipindi cha namua, ambacho kila mtu bado anaingiza kete 22 alizobaki nazo mkononi, na kipindi cha mtaji, kete zote zikiwa zimeshaingia. Mchezaji hodari wa bao anajua kwamba mtaji mara nyingi huamuliwa wakati wa namua, na kwamba akili inayohitajika katika kipindi cha kwanza si ileile ya cha pili. Werera inakaa mahali hapo hasa, isipokuwa kwamba mwisho wake haukuwekwa na idadi ya kete. Umewekwa na uamuzi wa mmoja wa wachezaji, na hakuna ajuaye utakuja lini.

Uamuzi wa kuuachia mwanzo wa mchezo kwa wachezaji haukuwa wa Ethiopia pekee. Myanmar wanacheza sittuyin, ambayo kila mchezaji hupanga kete zake kubwa nyuma ya vitunda kama anavyotaka. Lakini huko, mpangilio ukishawekwa, mchezo unaendelea kwa zamu za kawaida. Kuondoa zamu zenyewe ni hatua ya mbali zaidi.

Kete zilizokuwa polepole, basi, zilikuwa sharti la werera. Hebu fikiria malkia wa Valencia akiingizwa katika kipindi kisicho na zamu: mtu anasogeza kitunda kimoja, malkia anatoka, na kabla mwenzake hajanyanyua mkono, kitu kimeshaliwa upande wa pili wa ubao. Hakungekuwa na kujipanga wala kusomana. Ndiyo maana siamini kwamba Waethiopia walishindwa kupokea sheria mpya. Walikuwa na mchezo ambao ungevunjika kama wangezipokea.

Sasa kelele. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza Henry Salt alifika Tigray na kumkuta mtawala wake, Ras Wolde Selassie, akicheza na wakuu wake. Salt alitoka katika utamaduni ambao sataranji huchezwa kimya, na alishangazwa na aliyoyaona. Waliozunguka ubao wote walikuwa na sauti, hata watumishi. Mtu aliyeona hatua nzuri aliinyakua kete mwenyewe akaonyesha. Kete zilizoliwa ziling'olewa mahali pake kwa pigo la nguvu. Na Salt aliona pia kwamba, pamoja na ghasia zote hizo, waliohudhuria walikuwa na ustadi mkubwa wa kuhakikisha kwamba Ras anashinda kila mara.

Maelezo hayo yamesomwa mara nyingi kama kichekesho cha msafiri. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Pale ubaoni palikuwa na mtawala wa jimbo zima, makamanda wake, na watumishi wa nyumba, na kwa muda wa mchezo mtumishi aliruhusiwa kuligusa jeshi la bwana wake na kusema hadharani kwamba limepangwa vibaya. Baraza la bao pwani linajua uhuru huo. Mchezo ulikuwa wa kundi, na waliotazama walijifunza kwa kubishana juu ya kete halisi badala ya kunyamaza. Kuhusu kumwachia Ras ushindi, hilo nalo ni ujuzi: ili umwachie mtu ashinde bila yeye kuaibika, lazima uwe umeuona mchezo wote kumzidi.

Mwisho wa senterej ulikuwa wa ajabu kuliko mwanzo wake. Aliyeuandika kwa kirefu ni Walter Plowden, balozi mdogo wa Uingereza aliyeishi Ethiopia kwa miaka mingi hadi alipouawa mwaka 1860. Ndugu yake alichapisha maandishi yake mwaka 1868. Tunajifunza humo kwamba kumfunga mfalme hakukutosha. Watu walitazama amefungwa na nani.

Kumfunga kwa ngome au farasi, zile kete zenye nguvu, hakukuleta sifa. Ilionekana kazi ya kawaida ya mtu aliyezidi silaha. Kumfunga kwa tembo au kwa waziri akisaidiwa na vitunda kulipigiwa makofi. Kilele cha ustadi kilikuwa kumfunga negus kwa vitunda pekee.

Ukikumbuka fil anafika miraba minane tu, utaona ugumu wake. Mfalme anayekimbia hahitaji kumwogopa kabisa, akae tu kwenye miraba ambayo tembo huyo haioni. Anayetaka kufunga kwa fil anapaswa kumsukuma mfalme hatua kwa hatua mpaka akanyage mmoja wa miraba ile minane, na wakati huohuo amzibie njia zote za kutoka, na tembo awe tayari mraba wa pili kwa mshazari. Ni kazi ya kufikiria kinyumenyume: unaanza na mahali pa kufungia, ndipo unatafuta njia ya kumfikisha mfalme pale. Ulaya ilikuja kuwa na mafumbo ya sataranji ya kutatua kwenye karatasi, ambayo uzuri wa kufunga ndio hoja yake. Ethiopia uzuri huo ulidaiwa katika mchezo wenyewe, watu wakitazama.

Kisha kuna sheria ya mfalme aliyebaki peke yake. Katika shatranj, ukimla adui kete zote akabaki mfalme mtupu, umeshinda. Senterej iligeuza jambo hilo juu chini: mfalme aliyebaki peke yake hafungwi. Ukimmalizia kete zake zote, ushindi umekuponyoka na mchezo ni sare. Kete nyingine zinazohesabiwa ni zile zinazovizidi vitunda kwa cheo. Adui akiwa nazo mbili au zaidi, unaweza kumwandama kwa muda unaotaka. Akibaki na moja, kuhesabu kunaanza: lazima umfunge kabla kete hiyo haijasogea mara saba. Ikifika saba, sare.

Tazama inavyomlazimisha mwenye nguvu afikiri. Katika sataranji ya leo anayeongoza anashauriwa abadilishane kete, amalize kila kitu, kisha afunge kwa utulivu. Katika senterej ulafi huo unakunyima ushindi. Unapaswa kumshinda mwenzako akiwa bado na watu, na kila unapokula lazima ujiulize kama umemwachia wa kutosha. Anayeshindwa naye anapata silaha: anaweza kuzisukuma kete zake za mwisho mbele ya zako kwa makusudi, akikulazimisha uzile au uache mtego wako ufumuke. Thailand, katika makruk yao ambayo bado inachezwa na watu wengi, nako kuna kuhesabu hatua mwishoni mwa mchezo, lakini kule hesabu inategemea nguvu alizobaki nazo anayeshambulia. Ethiopia walihesabu pumzi za kete ya mwisho ya anayekimbia.

Senterej ulikuwa mchezo wa wakubwa. Malkia Taytu, mke wa Menelik wa Pili, anatajwa miongoni mwa waliouweza, na watu wa kawaida walikuwa na gebeta, ndugu ya bao, ambao ulichezwa hata kwa vishimo ardhini. Kuwa mchezo wa ikulu na makambi ya watawala kuliulinda kwa karne nyingi, na kuligeuka kuwa udhaifu wake. Italia ilipovamia Ethiopia Oktoba 1935 na kuingia Addis Ababa Mei 1936, nyumba za watawala zilivunjwa. Mauaji ya Februari 1937 mjini Addis Ababa, baada ya jaribio la kumuua Graziani, mtawala wa Kiitalia, yaliondoa idadi kubwa ya wasomi na vijana wa tabaka hilo. Mfalme Haile Selassie alirejea mwaka 1941, na sataranji iliyoshamiri baada ya hapo ilikuwa ile ya kimataifa.

Tunaujua mchezo huu kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya Richard Pankhurst, mwanahistoria aliyeanzisha Taasisi ya Mafunzo ya Ethiopia katika chuo kikuu cha Addis Ababa. Mwaka 1971 alikusanya maandishi ya wasafiri na kumbukumbu za wenyeji katika makala moja kuhusu historia na kanuni za mchezo huo, na kwa mujibu wake senterej ilikuwa imekwisha kutoweka baada ya uvamizi wa Italia. Mwaka huohuo aliandika pia juu ya gebeta, ambayo haikutoweka. Nadhani laiti wazee wa ikulu ya Menelik wangerekodiwa miaka arobaini mapema, tungekuwa leo na michezo kamili iliyoandikwa, hatua kwa hatua. Kilichobaki ni sheria.

Sheria zinatosha kucheza. Seti yoyote ya sataranji ya dukani inafaa. Malkia awe ferz na askofu awe fil. Mfalme wa kila upande akae kulia kwa waziri wake, ambayo ina maana kwamba mmoja wenu ataacha kete zake kama zilivyo na mwingine atabadilisha nafasi za mfalme na malkia. Msahau kitunda kusogea miraba miwili, msahau mfalme kujificha nyuma ya ngome. Kabla ya kuanza kubalianeni kitunda kinachofika mwisho kitakuwa nini. Nawashauri kiwe ferz, ndivyo ilivyokuwa katika shatranj.

Halafu anzeni wote kwa pamoja. Werera ya kwanza itakuwa ya vurugu, na pengine kete italiwa kabla hamjapanga chochote. Wachezaji wa sataranji wa siku nyingi huteseka zaidi hapa, kwa kuwa macho yao yamezoea kutazama ubao na kumsahau mtu. Baada ya michezo michache mikono itatulia. Mtaanza kusimama, kusogeza moja, kutazama, kurudisha. Mikono miwili ikigongana juu ya mraba mmoja, na itagongana, msibishane wenyewe: muwe mmewaita watu wawili watatu wa kutazama tangu mwanzo, wao ndio waseme ni nani aliyewahi kula, na muwaruhusu pia wanyanyue kete na kuwaonyesha mlichokosea.